Kufufua kompyuta ya zamani kwa Bodhi Linux: mwongozo kamili kutoka Mbeya

Dada yangu ana steshenari Uyole, karibu na njia panda ambapo magari ya Tukuyu na Kyela yanaachana na yale ya Makambako. Kazi zake ni zile zile za kila steshenari: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia wanafunzi fomu za maombi mtandaoni. Anatumia Dell Latitude E6400, laptopu iliyoingia sokoni mwaka 2008, prosesa Core 2 Duo, ramu GB 2. Ilifika mahali akiiwasha asubuhi anafagia duka, anapanga karatasi, anauza kalamu mbili, ndipo inakuwa tayari. Akaniuliza, "Kaka, hii si ya kuuza kwa wa vyuma chakavu sasa?" Nikamwomba aniachie jioni mbili.

Laptopu ile ile ndiyo inayofanya kazi dukani mpaka leo, ila ndani yake sasa kuna Bodhi Linux, mfumo endeshi unaochukua nafasi ya Windows. Hapa nimeandika hatua zote nilizopita, pamoja na makosa niliyoyafanya kwenye mashine nyingine kabla ya hiyo, ili wewe usiyarudie.

Kwanza ujue kinachoitesa

Kompyuta ya umri huo mara nyingi si mbovu. Imezidiwa uzito. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya usalama ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, ramu isiyopungua GB 4 na diski ya GB 64. Core 2 Duo haiwezi kufika huko. Anayebaki na mashine hiyo ana njia tatu: kuendelea na mfumo usiolindwa tena, kununua nyingine, au kuweka mfumo mwepesi.

Bodhi ni mmoja wa mifumo hiyo myepesi. Ulianzishwa na Jeff Hoogland, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2011. Toleo la 7.0 lilitoka Agosti 2023, likiwa limejengwa juu ya mfumo mwingine wa Linux, Ubuntu 22.04 LTS, kwa hiyo programu na maelekezo mengi ya Ubuntu hiyo yanafanya kazi humo. Sura yake ya mezani inaitwa Moksha, iliyochipuka kutoka sura nyingine, Enlightenment 17, mwaka 2015. Wenyewe wanasema kiwango cha chini ni prosesa ya MHz 500, ramu ya MB 512 na nafasi ya GB 5 kwenye diski. Inawaka kwa kiwango hicho, lakini kufanyia kazi ya duka ni habari nyingine. Ushauri wangu ni usishuke chini ya GB 2 za ramu kama utaingia mtandaoni.

Niliichagua kwa sababu inakuja karibu tupu. Unakuta kivinjari, cha kufungulia mafaili, cha kuandikia maandishi mepesi, terminali (dirisha la kuandikia amri), na vitu vichache vingine. Unachokihitaji unakiongeza mwenyewe. Kwa mgeni hili ni jema kuliko linavyoonekana mwanzoni, maana baada ya mwezi unajua kila kilichomo kwenye mashine yako na kimefuata nini. Ila kama laptopu yako ina ramu ya GB 4 na diski ya SSD, chukua Linux Mint ya Xfce. Itakuja na kila kitu tayari, na mashine itaibeba bila shida.

Angalia mashine kabla ya kupakua chochote

Kwenye Windows, fungua ukurasa wa maelezo ya mfumo na utafute mstari unaotaja prosesa. Ukikuta "x64-based processor", prosesa ni ya biti 64 inayohitajika na Bodhi 7, uko salama hata kama Windows yenyewe ni ya biti 32. Ukikuta x86 peke yake, yaani biti 32, toleo la 7 halitawaka. Bodhi waliwahi kutoa toleo la biti 32 lililojengwa juu ya Ubuntu 18.04, lakini msaada wa kawaida wa Ubuntu hiyo uliisha mwaka 2023, kwa hiyo mimi siliweki kwenye mashine ya mtandaoni. Kwa biti 32 tafuta antiX 23, mfumo mwingine mwepesi wa Linux, iliyojengwa juu ya Debian 12.

Kisha ifungue mashine uipige vumbi. Kiangazi cha huku kwetu, kuanzia Agosti hadi mvua zinapoanza, vumbi linaingia kila tundu, na feni iliyoziba inaifanya prosesa ijipunguze kasi ili isiungue. Mfumo wowote utakaoweka utaonekana mzito. Feni ya E6400 ya dada ilikuwa imevaa blanketi la vumbi. Kuisafisha na kubadilisha grisi ya prosesa ilikuwa nusu ya tiba.

Cha tatu ni betri ya saa, ile ya duara ndogo, CR2032, ambayo kwenye laptopu nyingi imefungwa waya. Ikiisha, kila ukiwasha mashine iliyokaa bila umeme tarehe yake inarudi miaka mingi nyuma. Watu wengi hawaihusishi na intaneti, kumbe ndiyo inayowasumbua: kivinjari kinalinganisha tarehe ya mashine na tarehe ya cheti cha tovuti, na zikigongana kinakataa kufungua, kikikuonya kwamba tovuti si salama. Hata kusasisha programu kunagoma kwa sababu hiyo hiyo. Nimewahi kuhangaika na modemu jioni nzima kumbe tarehe ya kompyuta ilikuwa Januari 2007. Badilisha betri hiyo kwanza.

Hifadhi mafaili, na usiiamini D

Kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa hapa. Mwalimu mmoja aliniletea laptopu, akaniambia vitu vyake vyote viko "kwenye D", nami nikachukulia kwamba D itabaki salama nikifuta C. C na D kwa kawaida ni vipande viwili vya diski moja. Kisakinishi kikiambiwa kifute diski, kinafuta vyote viwili kwa pamoja. Alama za wanafunzi za mihula miwili zilipotea, na mwalimu akarudia kuziingiza kutoka kwenye madaftari. Nilikaa naye Jumamosi mbili nikimsomea majina huku yeye akiandika. Tangu siku hiyo siigusi mashine ya mtu mpaka mwenyewe ameyaona mafaili yake yakifunguka kutoka kwenye diski ya nje, kwenye kompyuta nyingine. Kuyaona yameorodheshwa tu hakutoshi, lazima yafunguke.

Kumbuka pia nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Mwenye steshenari anaingia kwenye akaunti nyingi bila kuandika nywila, na akifutiwa ndipo anagundua hazijui. Ziandikwe kwenye daftari mapema.

Kupakua na kuandaa flashi

Nenda bodhilinux.com, chukua toleo la kawaida la biti 64. Ukikuta jipya kuliko 7.0, chukua hilo. Faili lina uzito wa GB 1 na ushee, hivyo panga kulipakua kwa bando la usiku, au mahali penye Wi-Fi ya kuaminika. Kuna toleo jingine linaloitwa AppPack, lenye programu nyingi ndani yake. Ni zito zaidi, na kwa mashine ndogo linaondoa maana ya kuchagua Bodhi.

Mtandao ukikatika katikati, faili linaweza kufika likiwa na kasoro usiyoiona. Lihakiki. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda ya faili hilo, uandike:

certutil -hashfile bodhi.iso SHA256

Pale penye bodhi.iso weka jina kamili la faili lako. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu, ulinganishe na ule uliowekwa kwenye tovuti. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, pakua upya. Ni dakika moja tu, na inakuepusha na usiku wa kuhangaika na kosa lisiloeleweka.

Tumia flashi ya GB 4 au zaidi, ambayo kila kilichomo utakubali kifutwe. Pakua Rufus, programu ya kuandalia flashi, ichague flashi, chagua faili la Bodhi, na kwenye mpangilio wa diski weka MBR kwa mashine za zamani. Zile zilizotoka na UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta, ziwekee GPT. Kunakili faili kwa mkono kwenda kwenye flashi, kama unavyonakili wimbo, hakutafanya kazi.

Iwashe bila kuigusa diski

Zima mashine, chomeka flashi, washa huku unabonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia. Kwa Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12. Kwa HP ni Esc kisha F9. Acer nyingi pia ni F12, lakini lazima kwanza uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, kwa F2 ukairuhusu. Mashine yenye Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyoidhinishwa kuwaka, ikiikataa flashi, zima Secure Boot humo humo BIOS.

Bodhi itafunguka kutoka kwenye flashi, na diski yako bado haijaguswa. Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi wanairuka, nami nakusihi uikae saa nzima. Jaribu Wi-Fi. Jaribu sauti. Funga kifuniko kisha ufungue uone kama inaamka. Ongeza na punguza mwanga wa kioo. Chomeka flashi nyingine yenye mafaili. Kwa kuwa inasoma kutoka kwenye flashi itakuwa nzito kidogo kuliko itakavyokuwa ikishasakinishwa, kwa hiyo usiihukumu kwa kasi. Ihukumu kwa kama kila kiungo kinaitika.

Wi-Fi isipoonekana, angalia kwanza ubavuni mwa laptopu. Nyingi za enzi hizo zina swichi ndogo ya kuzima na kuwasha redio. Kama swichi iko sawa, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe mgao wa intaneti kwa USB kwenye mipangilio ya simu. Linux itaiona simu kama waya wa mtandao bila kuuliza dereva, yaani programu ya kuendeshea kifaa. Ukishapata intaneti hivyo, fungua terminali uulize ni kadi gani:

lspci -nn | grep -i network

Ikitajwa Intel, mara nyingi inafanya kazi yenyewe. Ikitajwa Broadcom, inaweza kuhitaji dereva, na kwa nyingi ni hili, utakaloliweka baada ya kusakinisha mfumo:

sudo apt install bcmwl-kernel-source

Ukiwa bado kwenye flashi, pima pia afya ya diski. Weka programu kwa sudo apt install smartmontools, kisha:

sudo smartctl -H /dev/sda

Jibu likiwa PASSED, endelea. Likiwa FAILED, usisakinishe kitu juu ya diski inayokufa. Nunua SSD ya inchi 2.5 ya SATA, inaingia pale pale ilipotoka ya zamani. Hata kama diski yako ni nzima, kama kuna fedha ya kifaa kimoja tu, basi iwe SSD. Hakuna badiliko lingine utakaloliona wazi hivyo kwenye laptopu ya namna hii.

Kusakinisha

Betri za laptopu hizi kwa kawaida hazishiki chaji tena, kwa hiyo fanya kazi hii wakati umeme umetulia. Ukikatika katikati mashine haiharibiki, ila unaanza upya.

Fungua kisakinishi kutoka kwenye meza. Kitakuuliza lugha, kisha mpangilio wa kibodi. Kama vitufe vyako ni vya kawaida chagua English US, na uandike alama za @ na / kwenye kisanduku cha majaribio uone zinatoka sawa. Patakapoulizwa kupakua masasisho wakati wa kusakinisha, toa alama ya tiki ikiwa unatumia bando la simu. Utasasisha baadaye kwa nafasi. Pale penye programu za watu wengine za Wi-Fi na video, weka tiki.

Kisha inakuja hatua ya diski. "Erase disk" inafuta vyote, C na D kama nilivyosema, na kwa mashine ya GB 2 ambayo Windows yake imekwisha ndiyo ninayoipendekeza. Kuweka mifumo miwili pamoja kunawezekana, lakini kwenye diski ndogo unaishia na miwili inayobanana. Eneo la saa chagua Dar es Salaam. Jina la mtumiaji liwe fupi kwa herufi ndogo. Nywila ndiyo utakayoiandika kila unapoongeza programu, kwa hiyo iwe ngumu kwa mgeni na rahisi kwa kumbukumbu yako. Ikimaliza, chomoa flashi pale itakapokuelekeza, iwake upya.

Siku ya kwanza

Mgeni wa Moksha hushtuka kidogo kwa sababu meza ni tupu. Bonyeza popote penye uwazi kwa kitufe cha kushoto cha kipanya na menyu yote itajitokeza pale pale ulipobonyeza. Cha kulia kinaleta vipendwa vyako. Dada alizoea kwa siku mbili, na sasa anaona ni usumbufu kutafuta kona ya kioo.

Fungua terminali, Terminology, uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Unapoandika nywila hutaona chochote, hata nyota. Inaandikika, ila haionyeshi. Andika tu ubonyeze Enter.

Kisha weka kitu ambacho kwa GB 2 naona ni cha lazima:

sudo apt install zram-config

Hiki kinatenga sehemu ya ramu na kubana ndani yake vitu visivyotumika kwa wakati huo, ili mashine isikimbilie diski mapema. Iwashe upya, andika free -h, na utaona mstari wa Swap umepata nafasi.

Kwa kazi za maandishi:

sudo apt install libreoffice-writer libreoffice-calc hunspell-sw fonts-liberation fonts-crosextra-carlito

Hunspell-sw ni kikagua tahajia cha Kiswahili. Weka lugha ya maandishi kuwa Kiswahili, na barua za wateja hazitajaa mistari myekundu tena. Fonti zile mbili zina sababu yake. Mteja anakuja na CV iliyoandikwa kwa Calibri au Times New Roman, unaifungua, mistari inahama na ukurasa mmoja unakuwa miwili. Carlito ina upana sawa na Calibri, Liberation Serif sawa na Times New Roman, kwa hiyo kurasa zinabaki zilivyo. Na unapomhifadhia mteja kazi yake, chagua docx, au PDF kama haendi kuihariri tena.

Printa na skana:

sudo apt install cups system-config-printer simple-scan printer-driver-escpr hplip

La nne ni la Epson, zikiwemo nyingi za matangi ya wino, na la tano ni la HP. Weka unalolihitaji tu. Zinazonipa shida ni baadhi ya Canon za leza za zamani, aina ya LBP. Ukiwa na moja ya hizo, ijaribu ukiwa bado kwenye flashi kabla hujafuta Windows.

Flashi za wateja

Hapa ndipo dada alipokubali moyoni. Wanafunzi wanaleta flashi zenye kirusi kile kinachogeuza folda zote kuwa njia za mkato. Kwenye Windows alikuwa anaziogopa, maana moja ikiingia, flashi zote za siku hiyo zinaambukizwa. Kirusi hicho kimeandikiwa Windows. Kwenye Bodhi kinalala tu kama faili. Fungua flashi kwenye Thunar, kile cha kufungulia mafaili, na folda zilizofichwa kwa Windows kwa kawaida zinaonekana zenyewe; usipoziona, bonyeza Ctrl na H. Wakati mwingine zote zimesukumwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili kazi ya mteja, mfutie zile njia za mkato, mrudishie. Sasa kuna wanaokuja Uyole kwa ajili ya hilo tu.

Kivinjari ndicho mlaji mkuu

Linux haiwezi kuifanya tovuti nzito kuwa nyepesi. Ukishafungua Chromium na kurasa saba, GB 2 zinakwisha kama ilivyokuwa kwenye Windows. Kwa dada tumekubaliana kurasa tatu, na video haziangaliwi kwenye mashine ya kazi. Tumeweka pia uBlock Origin Lite, inayozuia matangazo, na faida yake ni mbili: ramu kidogo inapona na bando linadumu. Kama nafasi ya ramu iko wazi, ongeza. E6400 inatumia ramu ya aina ya zamani, DDR2, na inabeba hadi GB 8, ila DDR2 mpya ni adimu madukani, kwa hiyo waulize mafundi wa Mwanjelwa wenye laptopu zilizokufa kioo. Ramu zake huwa bado nzima.

Kila Ijumaa jioni, kabla ya kufunga duka, dada anaandika zile amri mbili za kusasisha na kuongeza sudo apt clean ili vifurushi vilivyokwisha kutumika visijaze diski. Amezibandika kwa karatasi chini ya kioo, kwa mwandiko wake.